Taarifa yako ya PDF imekataa kufunguka kwenye Python? Huenda tatizo si nenosiri

Kila mwisho wa mwezi tunapata swali lile lile kutoka kwa waweka hazina wa vyama na wenye maduka wanaojipigia hesabu kwa Python. Taarifa ya akaunti imefika kwa barua pepe, PDF iliyofungwa kwa nenosiri kama kawaida. Kuna programu ndogo ya kusoma michango ya wanachama, mara nyingi imeandikwa na kijana fulani wa familia aliye chuoni. Ilikuwa ikifanya kazi vizuri, halafu laptopu ikabadilishwa. Sasa inakwama na kutoa mstari huu:

cryptography>=3.1 is required for AES algorithm

Wengi hurudia nenosiri mara ya pili, mara ya tatu, kisha wanatupigia simu kuomba jingine. Jamani, nenosiri halina shida.

Maktaba ya pypdf, inayosoma PDF, imeandikwa kwa Python tupu, kwa hiyo inaingia kwenye kompyuta karibu yoyote bila maneno. Lakini kufuli la AES haifungui yenyewe. Kazi hiyo inaiachia maktaba nyingine, cryptography, ambayo ndani yake kuna sehemu za C na Rust. Sehemu hizo lazima kwanza zigeuzwe kuwa lugha ya mashine, na kila aina ya mashine ina yake.

Chukulia ni unga. Kwa kawaida pip, inayokuletea maktaba, huleta unga uliosagwa tayari. Ikikosa unga unaoifaa mashine yako inakuletea mahindi, kisha inaanza kutafuta kinu hapo hapo kwako. Kinu huna. Ndipo skrini inajaa maandishi mekundu yanayoishia kudai Rust, au kwenye Windows, Visual C++. Tumeona watu wakimaliza bando la gigabaiti kadhaa kupakua zana hizo, na kumbe hawakuzihitaji.

Kabla ya kutafuta kinu, uliza kwa nini unga haukuletwa. Kwenye Linux, mshukiwa wa kwanza ni pip iliyozeeka. Toleo la 3.4 la cryptography, lililotoka Februari 2021, ndilo lililoanza kudai Rust kwa anayelisaga mwenyewe. Nayo pip iliyo chini ya 19.3 haitambui faili za aina ya manylinux2014, ambazo ndizo unga wa Linux nyingi. Ubuntu 18.04, ambayo bado iko kwenye laptopu nyingi za mtumba, ilikuja na pip 9. Kwa hiyo anza hivi:

python3 -m pip install --upgrade pip
python3 -m pip install --only-binary :all: cryptography

Kwenye Windows andika py badala ya python3. Usiandike pip peke yake: kompyuta moja inaweza kuwa na Python mbili, ukaweka maktaba kwenye hii na programu ikaendeshwa na ile. Maneno --only-binary :all: yanaikataza pip kuleta mahindi. Kama unga haupo, itakuambia mara moja, bila ukurasa mzima wa matusi.

Ikikuambia haupo, angalia mashine yenyewe. Linux ya biti 32 huwa na shida hii. Hapo tumia sudo apt install python3-cryptography. Ukiwa na Termux kwenye simu, tumia pkg install python-cryptography, kwa sababu faili za Linux ya kawaida hazikutengenezewa Android.

Hitilafu yenyewe haitutishi. Kinachotutisha ni njia za mkato. Mtu akichoka anapandisha taarifa kwenye tovuti ya bure ya kufungua PDF, pamoja na nenosiri lake. Taarifa hiyo ina majina na namba za watu wote waliotuma michango, na wao hawakuulizwa. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, mweka hazina hawezi kusema hilo ni jambo dogo.

Mwingine anaweka maktaba yoyote yenye jina linalokaribia. Mwaka 2017 mamlaka ya usalama ya Slovakia ilitangaza kwamba kwenye PyPI, ghala ambako pip huchukua maktaba, kulikuwa na vifurushi bandia, kimojawapo kikiitwa urlib3, herufi moja tu pungufu ya urllib3 halisi. Na pip ikisaga kifurushi kwenye mashine yako, inaendesha msimbo wa aliyekiandika papo hapo. Soma jina herufi kwa herufi.

Hakuna maktaba inayohitaji PIN yako. Programu ikiiomba, ifunge. Na ukimwomba fundi msaada, mtumie maandishi ya hitilafu, si taarifa yenyewe, na uhakikishe nenosiri halijaachwa ndani ya programu unayomtumia.

Ukimaliza, jaribu hivi:

python3 -c "import cryptography; print(cryptography.__version__)"

Ukiona namba ya toleo, endesha programu yako tena kwa nenosiri lile lile la mwanzo.