Kiingereza: Kifaransa cha shuleni chaweza kufungua maneno magumu

Congo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, na Kiingereza ni lugha rasmi ya jumuiya hiyo. Kijana wa Bukavu au Lubumbashi anayetafuta kazi au masomo Kampala ama Nairobi hawezi kutosheka na salamu. Anahitaji maneno ya vitabu, mikataba na barua rasmi. Kuyakariri kwa orodha ndefu kunachosha, na mengi husahaulika upesi.

Hata hivyo, aliyesoma kwa Kifaransa tayari anayo mengi. Mwaka 1066, William wa Normandie aliiteka Uingereza. Kwa vizazi kadhaa, wakubwa wa nchi walisema Kifaransa, huku wakulima wakibaki na Kiingereza chao. Ndiyo maana ng'ombe zizini ni "cow", lakini nyama yake mezani ni "beef", kutoka "bœuf". Ndivyo ilivyo pia kwa "sheep" na "mutton", "pig" na "pork". Walter Scott analieleza jambo hilo katika sura ya kwanza ya riwaya yake Ivanhoe, kupitia mazungumzo ya mchunga nguruwe na mcheshi.

Msaada mwingine ni mizizi ya maneno. Msemaji wa Kiswahili anajua kwamba somo, msomi na masomo yanatoka katika kusoma. Vivyo hivyo, "loqui" ya Kilatini, yaani kusema, imezaa "eloquent", msemaji fasaha. "Loquacious", mwenye maneno mengi. Na "soliloquy", maneno ambayo mhusika hujisemea peke yake, kama Hamlet wa Shakespeare.

Lakini si kila wanaofanana ni ndugu. "Library" ni maktaba, ilhali "librairie" ni duka la vitabu. Hatari zaidi ni "eventually". Kwa Kifaransa, "éventuellement" ni labda. Kwa Kiingereza, "eventually" ni hatimaye. Mfanyabiashara anayeandika kwamba atalipa "eventually", akidhani amesema labda, ameahidi kulipa.

Hapo ndipo kitabu kinaposhinda orodha, kwa sababu sentensi nzima huonyesha neno linatumikaje. Things Fall Apart ya Chinua Achebe, iliyotoka mwaka 1958, ni mwanzo mzuri, kwani Kiingereza chake si kizito. Kurasa chache kwa siku, kamusi na daftari vinatosha: andika neno, sentensi ulimolikuta na mzizi wake.