Karata na Herufi za Pembeni: Msamiati Unaofuata Chapa

Maneno mengi ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka Kireno ni ya vitu vilivyokuja kimoja kimoja, kama meza, bendera na kasha. Upo hata hivyo uwanja mmoja ambamo maneno hayo yaliingia kama ukoo mzima, nao ni mchezo wa karata. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi ukoo huo ulivyojengeka, na kwa nini unatoweka vinywani mwa wachezaji wetu ilhali karata zenyewe zinachezwa kila mahali.

Tuanze na aina nne: kopa, uru, shupaza na pau. Kwa Kireno copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, espadas ni panga na paus ni magongo, yaani picha zilizokuwamo katika karata za kale za Kireno. Baadaye picha zilibadilika, majina yakabaki. Ndiyo maana Mswahili aliyeshika moyo mwekundu husema kopa, na Mreno naye hivyo hivyo. Wote wawili wanataja kikombe ambacho hakimo tena.

Kwa upande wa fonolojia maneno haya ni hazina. Katika karata (carta) irabu iliyochomekwa inaiga /a/ iliyo jirani. Katika turufu (trunfo) inaiga /u/, na nazali iliyotangulia /f/ imedondoka. Katika shupaza hapana /u/ ya kuigwa. Irabu hiyo imeletwa na /p/, sauti ya midomo, na /sh/ yatukumbusha matamshi ya Kireno ya /s/ iliyotangulia konsonanti. Hapa mwalimu anayefundisha utohoaji ana mifano mitatu iliyotoka katika mfuko mmoja.

La ajabu zaidi ni ree. Neno hili latokana na rei, yaani mfalme, lakini kwa Kiswahili ree ni karata ya alama moja. Nadhani sababu ni mchezo wenyewe: katika michezo ya Kireno kama sueca, karata ya moja ndiyo kuu, hivyo jina la mfalme likamfuata mwenye nguvu. Mfalme aliyechorwa akabaki bila jina, na kamusi za zamani zamwita mzungu wa nne. Kwa nini wa nne? Katika sueca mfalme huhesabiwa alama nne, ghulamu tatu na bibi mbili. Jina hilo, kwa maoni yangu, ni kumbukumbu ya hesabu ya ushindi.

Sasa tutazame vijana wa Nairobi wanaocheza poka ya mtaani, ambamo mchezaji anayekaribia kumaliza hutangaza, "Niko kadi!" Kwao karata yenye herufi J ni jampu: humruka mchezaji anayefuata. K ni kikibeki: hurudisha zamu nyuma. Q ni kwesheni: hudai jibu. Herufi hizi ziliwekwa pembeni kuwa vifupisho vya majina ya Kiingereza ya ghulamu, mfalme na bibi. Wachezaji wetu wamezifasiri upya, na kutokana nazo zimezaliwa si istilahi tu bali hata kanuni. Ni ubunifu wa kusifiwa, lakini ni ubunifu ulioongozwa na chapa ya Kiingereza.

Basi wanaolaumu uvivu wa vijana wanalaumu mahali pasipo. Karata za Ufaransa zina R, D na V, kwa sababu aliyezichapa alifuata lugha yake.

Wala chapa ndogo isidharauliwe. Mwaka 1974, huko Lake Geneva, Marekani, mchezo wa Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson ulitolewa. Huu ni mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji hujitwalia mhusika na kisa hutungwa kwa mazungumzo na kete. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu, vijitabu vitatu ndani ya sanduku, vilivyopangwa kwa mkono. Lakini istilahi ulizozieneza, kama vile za kuhesabu uhai wa mhusika na kupanda kwake ngazi, leo zatawala michezo ya kompyuta duniani.

Idara ya lugha yaweza kuchapa karata 52 zenye R ya ree, M ya mfalme, B ya bibi na G ya ghulamu, na jina la aina likaandikwa chini ya picha. Ningependa kumrudisha mzungu wa nne, lakini mwanafunzi wa leo angecheka kabla ya kucheza. Gharama si kubwa: karatasi ya manila, gundi na mkasi. Karatasi ibandikwe mara mbili, maana manila moja ikiinuliwa kwenye mwanga huonyesha kilicho upande wa pili, na hapo hapana mchezo.