Modeli ya Kihisabati ya Uraibu wa Pombe na Nafasi ya Kampeni za Uhamasishaji

Mwaka 1927, Kermack na McKendrick walionesha kwa milinganyo jinsi magonjwa ya kuambukiza yanavyoenea. Modeli nyingi za uraibu wa pombe zimejengwa juu ya msingi huo, kwa kuwa unywaji nao huenea kwa ushawishi. Jamii hugawanywa katika makundi matatu: wasiokunywa, waraibu na walioacha. Kampeni za uhamasishaji hupunguza kasi ya wasiokunywa kuingia katika uraibu, lakini athari yake hufifia zinapokoma.

Kipimo kikuu ni kiwango cha msingi cha uenezi, yaani wastani wa watu ambao mraibu mmoja angewavuta katika jamii isiyo na waraibu wengine. Hutarajiwa kwamba kikishuka chini ya 1, uraibu utatoweka. Hata hivyo, iwapo waraibu huwashawishi walioacha kurejea, na kasi ya kurejea ikawa kubwa vya kutosha, uraibu huweza kudumu hata chini ya 1 pale waraibu walipokuwa wengi tangu awali. Kwa hiyo, kampeni inayowalenga wasiokunywa pekee huweza kushindwa. Walioacha nao wanahitaji kulindwa.