Je, Wajua? Cala, Kitafunwa Kilichonunua Uhuru

Mgeni anayetembezwa French Quarter, mtaa wa kale wa New Orleans, aghalabu hupelekwa Café du Monde, mkahawa uliofunguliwa mwaka 1862. Sahani huja na beignet tatu: maandazi ya mraba yaliyotoka kwenye mafuta sasa hivi, yamefunikwa sukari ya unga hata ukipumua kwa nguvu inakurukia nguoni. Kahawa huchanganywa na mizizi ya chikori iliyokaangwa na kusagwa, mazoea yaliyoenea wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kahawa ilipoadimika.

Lakini kitafunwa chenye historia nzito zaidi ni cala.

Hupikwa kwa wali, mayai, unga na sukari, kisha hukaangwa. Mla vitumbua hataiona ngeni. Asili yake ni Afrika Magharibi. Wanawake waliokuwa watumwa walizichuuza mitaani, vikapu kichwani, wakizinadi kwa sauti zingali moto. Chini ya utawala wa Wahispania, sheria ilimruhusu mtumwa kujikomboa kwa fedha, na wapo waliojinunulia uhuru kwa mapato hayo.

Leo mikahawa michache tu ndiyo inayoziuza. Anayezitaka amwambie kiongozi wake mapema, kabla ziara haijaanza.