Safari ya Sentensi Moja

Katika lugha ya JavaScript, Januari ni mwezi wa sifuri. Februari ndiyo ya kwanza, na Desemba ni ya kumi na moja. Sisi tuliokua tukisema "mwezi wa kwanza, mwezi wa pili" tunanaswa hapa upesi kuliko wengine: unaandika 12 ukikusudia Desemba 2024, na kompyuta inakupa Januari 2025 bila kukuonyesha kosa lolote. Duka linaweza kutoa ankara zenye tarehe mbovu wiki nzima kabla mtu hajashtuka.

Waandishi wa programu wakikwama kwenye jambo la namna hii, wengi hukimbilia MDN, mkusanyiko wa nyaraka za teknolojia ya wavuti ulioanzishwa na Mozilla mwaka 2005. Tuseme umesoma ukurasa wake mmoja, ukaona hauonyi vya kutosha kuhusu mwezi huo wa sifuri. Unataka kuongeza sentensi moja tu. Nitaifuata sentensi hiyo kuanzia kwenye kompyuta yako hadi kwa msomaji, kwa sababu njia inayopita ndiyo inayowapa watu wasiojuana uwezo wa kuandika kitabu kimoja na kukiamini.

Zamani njia hiyo ilikuwa fupi. MDN ilikuwa wiki, kama Wikipedia: unabofya kitufe cha kuhariri, unaandika, unahifadhi, na papo hapo dunia nzima inasoma ulichoandika. Ukarimu ulikuwa mkubwa, ila kosa nalo lilipita mlango huohuo. Ukaguzi ulikuja baadaye, kama ulikuja. Tarehe 14 Desemba 2020 maandishi yote yalihamishiwa kwenye Git, mfumo wa udhibiti wa matoleo, na kuwekwa GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya Git. Miezi minne kabla yake Mozilla ilikuwa imepunguza wafanyakazi wapatao 250, wakiwemo waandishi wa nyaraka hizo, na Januari 2021 likaundwa shirika la Open Web Docs ili kazi isife. Tangu hapo kila sentensi mpya lazima ipige hodi na kusubiri kufunguliwa.

Git yenyewe haikuzaliwa kwa ajili ya insha. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, baada ya wanaotengeneza kiini cha Linux kunyimwa matumizi ya bure ya mfumo waliokuwa wakiutegemea, na ndani ya siku chache tu ilikuwa inatunza msimbo wake yenyewe. Kila unapothibitisha badiliko, Git inapiga picha ya faili zote na kuipa picha hiyo utambulisho wa herufi na tarakimu 40, uliokokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na utambulisho wa picha iliyotangulia. Ukigusa mkato mmoja, utambulisho unabadilika. Picha hizo watumiaji huziita komiti. Kila mchangiaji ana nakala ya historia nzima kwenye kompyuta yake, kwa hiyo hakuna anayeweza kuifuta ya nyuma kimyakimya bila wenzake kuona kwamba minyororo ya komiti haifanani.

Kwa mgeni, jambo hili linatuliza moyo. Huwezi kuharibu. Unachukua nakala ya mradi, unafungua tawi lako, yaani mstari wa historia unaoachana na ule mkuu, na humo unafanya utakavyo. Shina halijui habari zako mpaka uombe kuunganishwa.

Ugumu unakuja kwenye jambo linaloonekana dogo: mstari. Git huonyesha tofauti kwa mistari, si kwa mawazo. Ukibadilisha neno moja katika aya iliyoandikwa kama mstari mmoja mrefu, Git inasema aya nzima imetoka na aya nzima imeingia, na mhakiki analazimika kuisaka tofauti kwa macho. Ndiyo maana miradi mingi huandika kila sentensi kwenye mstari wake. Msomaji wa mwisho haoni mikato hiyo ya mistari, kwani maandishi ya Markdown, muundo mwepesi unaotumika kuandika nyaraka hizi, huendelea kuwa aya moja mpaka ukutane na mstari mtupu. Desturi hii ni kongwe kuliko Git. Brian Kernighan wa Bell Labs aliwashauri watumiaji wa Unix waanze kila sentensi kwenye mstari mpya mwaka 1974, kwa sababu maandishi ya namna hiyo ni mepesi kuhariri. Mradi wa kurasa za mwongozo za Linux hadi leo unawataka wachangiaji wake wafanye hivyo.

Mimi nililijifunza hili kwa aibu. Mara ya kwanza kuchangia nyaraka za mradi mmoja nilirekebisha maelezo yaliyokuwa na makosa kweli, lakini kihariri changu kilipanga upya mistari ya faili zima, kikaondoa nafasi hapa na kuongeza pale. Badiliko langu la maneno saba likaonekana kama mistari zaidi ya mia tatu. Mhakiki alinijibu kwa upole kwamba haoni nilichofanya. Alikuwa sahihi: nilimtwisha mtu anayejitolea kazi ya kuchambua mchele na pumba, huku pumba nimezileta mimi. Siku hizi kabla ya kutuma chochote naangalia kwanza tofauti kama atakavyoiona yeye, na mstari wowote ambao siwezi kueleza kwa nini umo nautoa.

Sasa sentensi yetu imeandikwa. Inabaki ujumbe wa komiti, na kwangu hapa ndipo penye kazi yenyewe. Watu wengi huandika "Marekebisho" kisha wakasonga mbele. Neno hilo halisemi kitu. Tofauti yenyewe imeshaonyesha kwamba kuna marekebisho. Kile ambacho Git haiwezi kukikisia ni sababu. Kwa mazoea, mstari wa kwanza huwa mfupi, kama herufi 50 hivi, kisha mstari mtupu, kisha maelezo. Kwa sentensi yetu ningeandika: "Onya kwamba miezi huanzia 0, si 1". Na chini yake: "Maelezo yaliyopo yanataja 0 hadi 11, ila mfano hauonyeshi kinachotokea mtu akikosea. Anayeandika 12 hupata Januari ya mwaka unaofuata bila ujumbe wa kosa. Nimejaribu kwenye Firefox na Chrome."

Dakika tano za kuandika hayo hazipotei. Git ina amri inayoonyesha, kando ya kila mstari wa faili, nani aliuandika, lini, na katika komiti ipi. Amri hiyo inaitwa blame, yaani lawama, jina ambalo naona haliitendei haki. Mtu atakayeuhariri ukurasa huo miaka sita baadaye, pengine akidhani onyo lako ni la ziada na akitaka kulifuta, ataitumia kukuuliza swali ukiwa haupo. Akikuta "Marekebisho" atalifuta. Akikuta habari ya ile Januari isiyotarajiwa, atalijaribu mwenyewe kwanza.

Kisha unatuma ombi la kuunganisha. Ukurasa unafunguka ambapo tofauti yako imewekwa wazi, na watu wanaweza kuacha maoni mstari kwa mstari. Mashine nazo hupita zikikagua viungo vilivyokatika na tahajia. Halafu unasubiri, wakati mwingine siku nyingi, maana anayehakiki mara nyingi anafanya hivyo baada ya kazi yake ya mchana.

Maoni yakija, usiyasome kama karipio. Nimeona vijana wazuri wakiacha kuchangia kwa sababu ya sentensi kama "tafadhali ondoa neno 'rahisi'". Kuna sababu ya ombi hilo, na miongozo mingi ya uandishi wa kiufundi inaitaja: anayesoma nyaraka saa nane za usiku amekwama, na kumwambia kwamba kilichomkwamisha ni rahisi ni kumwambia kwamba yeye ndiye tatizo. Mhakiki anamtetea msomaji huyo. Ukiona hakubaliani nawe, jibu kwa ushahidi: matokeo ya jaribio, au kifungu cha maelezo rasmi ya lugha. Na mhakiki naye ana deni. Kumwachia mgeni maoni ishirini bila kumshukuru hata kwa moja ni kumfukuza kwa adabu.

Huenda ukiwa bado unasubiri mwingine akahariri mstari uleule. Git haitachagua nani ashinde. Inasimama na kuweka matoleo yote mawili ndani ya faili, yametenganishwa kwa alama saba za usawa, lako upande mmoja na lake upande wa pili, mpaka binadamu aamue. Wageni huogopa sana mgongano huu, nami nasema ni uaminifu wa mashine. Kwa maandishi, mara nyingi jibu si kuchagua upande bali kuandika sentensi ya tatu inayobeba hoja zote mbili. Zungumza na mwenzako kabla ya kufuta maneno yake.

Ombi likikubaliwa, sentensi yetu inaingia kwenye shina na baadaye inachapishwa. Lakini inakuwa imefika kwa wasoma Kiingereza tu. Tafsiri za MDN zinatunzwa katika hifadhi nyingine, zikiwemo za Kifaransa, Kijapani, Kireno cha Brazili na Kichina, lakini Kiswahili hakimo. Onyo jipya la Kiingereza haliingii kwenye ukurasa wa Kifaransa lenyewe, na msomaji wa Kifaransa hawezi kujua kwamba anasoma maelezo ya zamani. Kwa ajili hiyo mtafsiri huandika juu ya faili lake utambulisho wa komiti ya Kiingereza aliyoitafsiri. Yeyote anayekuja baadaye anaiomba Git imwonyeshe yaliyobadilika tangu komiti hiyo hadi leo, naye anatafsiri mistari hiyo michache badala ya kuanza upya.

Vikundi vinavyotafsiri nyaraka za programu kwa Kiswahili mara nyingi huanza kwa hamasa, na baada ya mwaka mmoja tafsiri zimechakaa bila mtu kujua ni kwa kiasi gani. Kama unaanzisha kazi ya namna hiyo leo, iwe Dodoma au Eldoret, kabla hujatafsiri neno la kwanza nakili zile herufi na tarakimu 40 za toleo ulilonalo mbele yako, uziweke kwenye mstari wa juu wa faili.