Programu Iliyomsalimu Asiyekuwepo

Paukwa! Pakawa. Msichana mmoja aliandika programu kwa lugha ya C, akaiita salamu. Aliyeandika ./salamu -r 3 Zuhura alitarajiwa kuona Zuhura akisalimiwa mara 3, maana -r ni ya kurudia. Akaandika hivyo, akabonyeza Enter. Programu ikajibu: "Habari, -r!"

Mdogo wake akaangua kicheko. Msichana hakuanza kufutafuta mistari ovyo kama wafanyavyo wengi. Mwanzoni mwa main aliongeza kitanzi kifupi cha kuchapisha kila neno lililopokelewa, ndani ya mabano:

argv[0] = [./salamu]
argv[1] = [-r]
argv[2] = [3]
argv[3] = [Zuhura]

Mabano yana kazi: nafasi tupu iliyojificha mwishoni mwa neno huonekana mara moja. Tena angalieni, hesabu inaanzia 0, kwenye jina la programu yenyewe, kwa hiyo argc, yaani idadi ya maneno, ni 4.

Basi maneno yalifika salama. Akashuka hadi hapa:

if (argv[1] == "-r")

Kumbe! Katika C, argv[1] si neno, ni anwani ya mahali neno lilipo kwenye kumbukumbu. Alama == huuliza kama nyumba ni moja, haiulizi kama wakazi wanafanana. "-r" ya mtumiaji ina kwake, na "-r" ya ndani ya programu ina kwake, ndiyo maana -r ikasalimiwa kama jina. Kompaila ilishaonya, kwani alitumia chaguo la -Wall, lakini nani husoma maonyo? Akasahihisha:

if (argc > 3 && strcmp(argv[1], "-r") == 0)

Ndiyo, strcmp hulinganisha maneno yenyewe, na hurudisha 0 yakilingana. Hata wakubwa huchanganyikiwa hapo. Na msiiache argc > 3: mtu akiandika ./salamu tu, argv[1] ni NULL, na strcmp ikiigusa, programu kwa kawaida huanguka palepale.

Zuhura akasalimiwa mara 3. Yule mdogo, mtundu kweli, akaandika ./salamu -r tatu Zuhura. Kimya. Kazi ya kugeuza neno kuwa namba ilikuwa ya atoi, nayo ikikuta herufi mwanzoni hurudisha 0 bila kulalamika, basi salamu ikarudiwa mara 0.

Nyinyi tumieni strtol. Hiyo huonyesha ilipoishia kusoma. Ikiwa haikusogea hata herufi moja, mwambieni mtumiaji wazi kwamba "tatu" aliyoandika si namba.