Dursun: Jina Lililo Ombi la Mama

Miongoni mwetu wapo waliozika mtoto wa kwanza, wakazika na wa pili, na mimba ya tatu ilipoingia wakaogopa hata kununua nepi. Hao hawahitaji kuelezwa sana habari za jina Dursun.

Ni jina la kiume la Waturuki. Limetokana na neno durmak, yaani kusimama, kutulia, kubaki. Ile -sun ya mwisho ni ya kuomba, hivyo jina zima ni kusema, "Na akae." Alipewa mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufa. Kila mara mama alipomwita mwanawe aje kula, alikuwa anarudia ombi lake. Yako na majina mengine ya ukoo huo: Durmuş, maana yake amebaki, na Yaşar, anaishi. Kwa Wauzbeki wa Asia ya Kati, Dursun huwa Tursun.

Lakini jina lililotugusa zaidi ni Satılmış, "aliyeuzwa". Wazazi walijifanya kumwuza mtoto kwa mtu mwingine, ili mauti yakija yasimkute kwao. Mshairi maarufu wa Wakirgizi, Toktogul Satylganov (1864–1933), alibeba yote mawili: jina lake lina neno la kubaki, na la baba yake lina neno la kuuzwa.

Tusiwacheke. Hapa kwetu Waluo wana Owiti, na Awiti kwa msichana, yaani aliyetupwa. Mtoto aliwekwa nje, mwanamke mwingine akamwokota kana kwamba hana mwenyewe. Sisi Wakristo hatuamini kwamba mauti hudanganywa kwa jina, ila uchungu wa mama yule tunaujua. Raheli naye, roho yake ikimtoka kwa uchungu wa kuzaa, alimwita mwanawe Benoni, mwana wa huzuni yangu. Yakobo akambadilisha akamwita Benyamini (Mwanzo 35:18). Huenda hakutaka mtoto akue akiitwa kwa kilio cha mama yake.

Dursun hakubadilishwa. Akakua, akaoa, akazeeka na jina lake, na wengine wakalirithi kwa babu bila kufiwa na yeyote. Huko Uturuki, karibu na mwaka 1960, watoto zaidi ya 150 katika kila 1000 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Siku hizi ni takriban 10, na kina mama vijana huliona jina hilo kuwa la wazee wa kijijini. Limebaki pia katika vichekesho vya watu wa pwani ya Bahari Nyeusi, ambamo Temel na rafiki yake Dursun hufanya mambo ya kijinga, mfano wa visa vyetu vya Abunuwasi, na watoto hucheka mpaka machozi yakawatoka.